Maji Mkono wa Kushoto

Daftari lile bado ninalo. Jalada limeliwa na mchwa upande mmoja, na kurasa za mwanzo nilizichana mwenyewe kuwashia moto siku ya mvua, kwa hiyo haya ninayoandika nusu yanatoka daftarini na nusu kichwani. Nilisoma darasa nne tu katika shule ya misheni, na mwalimu wetu alikuwa akisema naandika kama mtu anayevuka maji kwa kupapasa na fimbo. Alisema kweli. Lakini watoto wangu wanaisimulia habari hii kila mmoja kwa namna yake, na kwa namna zao zote mimi nimetoka ama hodari ama mpumbavu. Hodari sikuwa. Hilo la pili msomaji ataona mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Tulikaa karibu na Garsen, upande wa chini, shamba likiwa ukingoni mwa Tana kama mashamba yote ya kwetu: ndizi, mahindi, na mpunga pale mto unapojaa, ukarudi, ukaacha tope. Mwaka ule mto ulijaa kuliko kawaida. Ulipopungua, mke wangu akashikwa na homa. Ilimlaza mpaka mahindi tuliyopanda siku alipougua yakachomwa na kuliwa. Alipoinuka, hakuinuka mzima. Miguu ilikuwa myembamba, na kutoka kitandani hadi jikoni alikwenda akishika ukuta, anapumzika, anashika tena.

Mama yake alikuja kwa mtumbwi kutoka Idsowe kumtazama. Kwetu binti akizidiwa na ugonjwa, mama yake ana haki ya kumchukua akamuuguze kwake, na watoto wadogo huenda naye. Hakuna anayegombana juu ya hilo. Lakini kila mtu anajua pia kwamba wapo waliochukuliwa kwa mwezi mmoja wakakaa miaka mitatu, na waume zao wakabaki wanajipikia na kuzungumza na kuku. Mama mkwe alikaa kwetu siku mbili. Aliona nilivyosonga ugali, akala hivyo hivyo. Siku ya tatu, mguu mmoja tayari umo mtumbwini, akasema huku anaangalia upondo wake wa kusukumia mtumbwi, kwa sababu ya heshima, maana mama mkwe wa kwetu hamkodolei mkwe macho:

"Mkwe wangu, sina ugomvi na wewe. Lakini mpunga ukianza kukatwa, kama mwanangu hajaja kwangu kwa miguu yake mpaka mlangoni, nitakuja nimchukue. Yeye na watoto."

Nilikasirika. Nimeandika daftarini neno moja juu yake ambalo leo nimelifuta kwa wino. Mtu aseme haki: alikuwa amezika binti mmoja kabla ya huyu, na yule naye mumewe alikuwa akisema anapata nafuu, anapata nafuu. Ningekuwa yeye, nisingengoja hata huo mpunga.

Mke wangu hakukasirika. Alisema, "Mama anataka kuona natembea, basi nitembee, kuna nini hapo."

Nilikwenda kumwuliza dresa wa zahanati ya Garsen. Aliniambia mgonjwa atembee kila siku kidogo, mahali tambarare, penye kivuli, asibebe kitu, na apumzike kabla ya kuchoka, si baada ya kuchoka. Huko bara, nje ya mto, ni tambarare kweli, lakini kivuli chake ni cha kichaka kimoja kimoja na jua linakupiga utosini. Penye kivuli ni msituni, ukingoni. Kwa hiyo tukaanza kutembea msituni: mke wangu, mimi, binti yetu ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, na mwanangu mdogo mabegani mwangu.

Sasa, watu wa kwetu hawatembei bure. Mtu anakwenda shamba, anakwenda kutega samaki, anakwenda kanisani, anakwenda kwenye matanga. Kwenda na kurudi bila kitu mkononi ni jambo la kuulizwa. Mara ya kwanza jirani yetu, mwanamke mwenye maneno, alisimama na jembe lake akatuuliza tumepoteza nini. Nikamjibu hatujapoteza kitu, tunatembea tu. Akafikiri kidogo.

"Mnatembea kama Wazungu. Na mbwa wenu yuko wapi?"

Mke wangu alicheka mpaka ikabidi akae chini. Nilihesabu hicho kuwa kipumziko cha kwanza. Na tangu siku hiyo kila tulipopita, jirani alituuliza habari za mbwa, na sisi tulimjibu anakuja, yuko nyuma. Sipendi kusema alikuwa akitudhihaki, kwa sababu siku nyingine tuliporudi tulikuta ametuwekea mtungi wa maji mlangoni.

Wiki ya kwanza hatukupita mkuyu mkubwa ulioinamia mto. Si mbali. Mtu mzima anafika kabla jasho halijatoka. Tulikaa kwenye mizizi yake tukala ndizi za kuchemsha, na juu yetu kima walikuwa wakila makuyu na kutuangushia maganda. Mto pale umezama chini ya gema refu, na tulikaa mbali na maji kwa ajili ya mamba. Ni hapo binti yetu alipoanzisha mchezo wake. Alirusha kuyu mtoni, likaelea likaanza kwenda. Akasema lile kuyu ni mgeni anakwenda kwa bibi Idsowe, na mama ashindane nalo mpaka kwenye mkindu ulioanguka.

Kuyu lilishinda. Kesho yake likashinda tena. Lilishinda siku nyingi, nami nikaanza kulichukia, maana mke wangu alikuwa akilikazia macho likimtoroka, na uso wake unabadilika. Nilitaka kuukataza mchezo. Akasema niuache. Alisema mtu akitembea hivi hivi anasikia miguu yake, lakini akitembea anaangalia kuyu anasahau kama ana miguu.

Kisha ipo Jumapili moja, baada ya kanisa, nimeandika: "Leo kuyu limeshindwa." Chini yake nimeandika pia kwamba kuyu lilinaswa kidogo kwenye mizizi, ili mtu asije akasema nimeongopa. Mke wangu aliponiona naandika hayo ya pili aliuliza, "Baba watoto, huyo kuyu ni ndugu yako?"

Baada ya hapo tulianza kufika mpaka kwenye malka, yaani ile njia pana ambayo Waorma hushusha ng'ombe wao kunywa maji. Msitu hapo umefunguka kama mlango. Juu ya malka ile yalikuwepo maneno kati yetu na wao, na sitayaficha. Jirani zangu wawili walikuwa wamepanda ndizi pembeni, na pembeni ikawa inasogea kila msimu, mpaka ng'ombe wanapita wamebanana. Niliona nikanyamaza, kwa sababu hao ni jirani zangu. Na ng'ombe nao walikuwa wakila mahindi yetu, hilo nalo ni kweli. Kila upande ulikuwa na neno lake.

Siku tuliyofika malka mara ya kwanza kundi zima lilikuwa linashuka. Ng'ombe aliyetoka mbali akinusa maji hamsikilizi mtu. Mke wangu alisimama katikati, hawezi kukimbia mbele wala kurudi nyuma. Mwenye ng'ombe, mtu mzima mrefu mwenye ndevu nyekundu za hina, alipiga mluzi, akaingia mbele ya kundi na fimbo yake imelala mlalo, akalizuia. Sijui alifanyaje. Walisimama wanatoa mapovu. Nikamwambia pole, tumekuchelewesha. Kiswahili chake kilikuwa kama changu cha siku za kwanza shuleni, lakini alieleweka:

"Ng'ombe iko miguu nne mzuri. Mama iko mbili mgonjwa. Ng'ombe itangoja."

Toka siku ile tukawa tunasalimiana. Alimwuliza mke wangu habari za miguu kama mtu anavyouliza habari za watoto: miguu hajambo? Na yeye anajibu hawajambo, wanakusalimu.

Mpunga ukaanza kuwa wa manjano.

Nilimwuliza mke wangu kama yuko tayari. Akasema hajui, ila akingoja ajue, mtumbwi utafika. Tukakata shauri kwenda asubuhi ya siku iliyofuata. Watu wengi wa kwetu waendao Idsowe hupanda mtumbwi, au hupita njia ya bara juani. Njia ya msituni walikuwa wameiacha. Mimi nilikuwa nimeipita miaka ya nyuma, nilipokuwa nakwenda kumchumbia, na kwa kuwa nilikuwa kijana wa daftari, niliiandika. Nikatafuta ukurasa ule, nikausoma kwa sauti mbele ya familia yangu kama mtu anayesoma somo kanisani: "Toka malka, shika maji mkono wa kushoto, usiyaache, mpaka Idsowe."

Hiyo ndiyo namna yetu. Mtu wa mto humwelekezi kwa jua wala kwa kilima, kilima tutakitoa wapi. Unamwambia juu au chini, maji mkono huu au mkono huu. Hajapotea mtu kwa maneno hayo. Na nilikuwa nimesikia watu wakisema mafuriko yale yamefanya mto ukate shingo ya upinde wake mahali fulani kule chini. Nilisikia, nikadhani ni chini zaidi, kupita Idsowe. Sikuuliza. Ningeuliza mtu mmoja tu mwenye mtumbwi, nisingekuwa na habari ya kuandika.

Tulitoka kabla jua halijawa kali. Tulivuka malka ikiwa bado tupu, ng'ombe tuliwaona mbali kwenye uwanda. Tukaingia msitu wa upande wa pili na maji yakiwa kushoto, yanaonekana kati ya miti. Njia ilikuwa nzuri ajabu. Chini majani makavu tu, laini, hakuna tope. Mke wangu alitembea kama mtu aliyetumwa. Tulipumzika kabla ya kuchoka, kama tulivyofundishwa. Mwanangu aliona kima mwenye mtoto kifuani akataka naye abebwe kifuani, nikambeba kifuani.

Binti yetu akarusha kuyu lake. Akangoja.

"Baba, halitaki kwenda."

Nikamwambia kiangazi kinakuja, maji yamepungua nguvu. Akarusha la pili. Yote mawili yakakaa kando kando kati ya mayungiyungi, kama watu wanaopiga soga. Akasema mto umelala. Nikamwambia atembee, asimcheleweshe mama yake. Hayo nimeyaandika daftarini jioni ile kwa mkono wangu: mtoto wa kung'oka meno aliona, na mimi mwenye darasa nne nikamwambia atembee.

Tulishika maji mkono wa kushoto. Mahali fulani njia ilipinda kwenye matete marefu kuliko mimi, tukapita tunayafungua kwa mikono, na tulipotoka ng'ambo maji yalikuwa bado pale kushoto, nikafurahi. Jua lilikuwa limehama kutoka bega moja kwenda jingine. Niliona pia hilo. Nikajiambia mto unapinda, mto si kamba. Mke wangu alianza kuburuta mguu wa kulia. Aliuliza kama tumekaribia, nikamwambia tumekaribia, na sikuwa naongopa, nilikuwa naamini.

Kisha tukasikia kengele za ng'ombe. Tukatoka kwenye miti, na mbele yetu ilikuwa malka. Malka ile ile. Ndizi za jirani zangu zilikuwa pale, mkono wa kulia sasa, zinanitazama. Yule mwenye ndevu nyekundu alikuwa amekaa kwenye gogo. Alitutazama, akatazama kule tulikotoka, akatutazama tena.

"Asubuhi mimi naona mama kutoka mbali, inakwenda chini. Sasa inatoka wapi?"

Nilimwonyesha daftari. Sijui kwa nini. Hasomi, na hata angesoma lisingesaidia. Akaniuliza nimezunguka yale maji ya kufa kutafuta nini. Hapo akanieleza, kwa fimbo yake kwenye mchanga, jambo ambalo mtoto wa mto nilipaswa kumweleza yeye. Mafuriko yalikata shingo hapa hapa. Mto sasa unakwenda moja kwa moja, na ule upinde wake wa zamani umebaki ziwa, umezibwa matope kichwani na mkiani. Mtu akishika maji ya ziwa mkono wa kushoto atalizunguka, atazunguka, mpaka afe au mpaka akutane na ng'ombe. Akacheka kwa adabu, mkono mdomoni. "Na wewe ni mtu ya mto," akasema.

Niliketi chini. Mke wangu alikuwa ameketi tayari, amenyoosha miguu, vifundo vimevimba. Yule bwana alimletea kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, na watoto nao wakapata. Nilimwambia mke wangu turudi nyumbani, ni karibu, tutajaribu siku nyingine. Alikuwa anaangalia mtoni, mto wa kweli, ule unaokwenda. Mtumbwi ulikuwa unapanda taratibu kando ya ukingo, na aliyesimama nyuma na upondo alikuwa mama yake. Idsowe mpunga ulikuwa umeanza kukatwa tangu jana.

Mama mkwe alishuka, akafunga mtumbwi, akamtazama binti yake aliyekaa mchangani miguu imevimba, na mkwe wake aliyekaa na daftari. Nilichokuwa nataka kusema kilikuwa kweli, lakini kilisikika kama uongo hata kichwani mwangu. Aliyesema ni mwenye ng'ombe. Alimwambia kwamba mama huyu amezunguka maji ya kufa yote tangu asubuhi, kwa miguu, hakubebwa, na kwamba yeye mwenyewe, ng'ombe akipotea, kuyazunguka maji hayo humchukua muda kiasi hicho hicho. Hakuongeza wala hakupunguza. Angeweza kunyamaza, kama mimi nilivyonyamaza juu ya ndizi.

Mama mkwe alifikiri. Nadhani alikuwa anapima: kulizunguka ziwa lile ni mbali kuliko kwenda Idsowe.

"Nilisema mlangoni," akasema mwishowe, lakini si kwa ukali. Alisema kama mtu anayejisikitikia.

"Na mlangoni nitafika," mke wangu akamjibu. "Wachukue watoto, mama. Wananichosha kwa maswali."

Tulingoja jua lipungue. Mama mkwe alimkanda binti yake vifundo kwa maji ya mto. Kisha watoto wakapandishwa mtumbwini, nasi tukafuata ukingo mpya, ambao haukuwa na njia bado, mchanga tu na miche ya mikuyu iliyoota baada ya mafuriko, inafika magotini. Kivuli hakikuwepo, lakini jua lilikuwa limekwisha kulainika. Maji yalikuwa mkono wa kushoto. Nilitembea nyuma yake hatua mbili, sikumshika. Mtumbwi ulikuwa sambamba nasi. Mtumbwi unaoshuka huwa unajiendea wenyewe, lakini mama mkwe alikuwa anaukokoteza, anachoma upondo chini ya mto na kuuzuia, hatua baada ya hatua, ili usimtangulie mwanawe. Binti yetu akarusha kuyu. Likampita mama yake, likampita na bibi yake, hakuna aliyelijali.

Alipumzika mara tano. Nimeandika tano, yeye anasema nne.

Tulipoanza kuziona nyumba za Idsowe mama mkwe aliuachia mtumbwi ukatangulia. Nilidhani amechoka. Tulipofika kwake mlango ulikuwa umefungwa, na watu waliotoka mashambani na miganda yao ya mpunga walikuwa wamesimama pembeni wanaangalia. Mke wangu alisimama mbele ya mlango wa nyumba aliyozaliwa. Angeweza kuusukuma, ni kwao. Akaweka mkono kwenye mwimo kujishikilia, akapiga hodi.

Tukasikia sauti ya mama yake kutoka ndani.

"Karibu, mgeni."

Anayeletwa kuuguzwa haambiwi hivyo. Anayeambiwa hivyo hulala siku mbili tatu, akala vizuri, akarudi kwake. Nilisikia, lakini kwa kawaida yangu sikuamini mpaka jioni, mama mkwe alipomwambia mdogo wa mke wangu atandike mkeka wa wageni.

Tulilala siku tatu. Siku ya nne tulirudi, yeye kwa miguu, mizigo na watoto kwa mtumbwi. Jirani yetu alituuliza mbwa yuko wapi, tukamwambia amebaki Idsowe.

Wiki ile nilikwenda kwa wale jirani zangu wawili nikawaambia ndizi zimeingia njia ya ng'ombe. Mmoja alizing'oa mstari mmoja. Mwingine hakunisalimia mpaka masika. Na kwenye ule ukurasa wa zamani sikufuta kitu, ila pembeni, kwa herufi ndogo, niliongeza: "Tupa kuyu kwanza."